Siku Tisa za Ndugu Hajagos

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe ishirini na sita Oktoba mwaka 1956, Hajagos Vendel alivaa koti lake zito, akatia karatasi mfukoni, akamwambia mkewe Piroska kwamba anakwenda kiwandani kuwatawanya watu waliogoma, na kwamba saa sita atakuwa amerudi kula. Piroska alikuwa akikatakata kabichi. Hakuinua kichwa.

"Watatawanyika?"

"Nitawasomea tamko la chama."

"Sikuuliza utawasomea nini."

Vendel alikuwa katibu wa chama pale Tiszakövesd, mji wa kiwanda cha sukari kando ya mto Tisza, na cheo hicho alikuwa amekishika miaka minane. Mtu wa miaka minane kazini hakosi la kusema. Lakini kwa siku tatu Vendel hakujua ashike lipi aache lipi. Redio ya Budapest ilianza kwa kusema wahuni wameuvamia mji mkuu. Jioni yake ikasema ni vijana wetu wenye uchungu wa haki. Kesho yake ikapiga muziki mtupu, tena wa harusi. Alipiga simu mkoani mara saba bila kupata mtu. Hatimaye mkuu wake wa mkoa, Szepesi Lóránt, akapiga mwenyewe na kuanza kumsomea tamko neno kwa neno. Vendel aliandika huku simu ameibana kwenye sikio la kulia. La kushoto lilikuwa limekufa tangu mwaka 1934, wakati chama kilipokuwa marufuku, na askari wa serikali ile ya zamani wakamkamata na makaratasi ya chama, wakampiga.

"Wafanyakazi wa Tiszakövesd," Szepesi alisoma, "rudini kwenye mitambo yenu, kwa sababu chama kime..."

Hapo simu ikakatika. Vendel alizungusha namba mpaka kidole kikauma. Waya ulikuwa kimya. Basi akaenda na karatasi isiyo na mwisho, akitumaini kwamba mwisho atauokota njiani.

Uwanja wa kiwanda ulikuwa umejaa watu kama mia sita. Ulikuwa msimu wa viazi vya sukari, na vilima vya viazi vilianza kuchacha kwa sababu hakuna aliyevigusa tangu Jumatano. Mtu alikuwa ametundika bendera iliyokatwa nembo ya serikali katikati, na kupitia tundu lile ulionekana moshi mdogo wa bomba la kiwanda. Vendel akapanda juu ya mkokoteni. Aliyempa mkono apande alikuwa Döme, fundi mitambo, mtu mrefu ambaye hata msibani hakosi utani.

"Soma, Ndugu Katibu," Döme alisema. "Leo hatuna haraka. Mitambo imelala."

Vendel akasoma. Alipofika kwenye "kwa sababu chama kime" alinyamaza. Watu wakangoja.

"Endelea," mtu akasema.

"Imeishia hapa."

"Imeishiaje?"

"Simu ilikatika."

Kicheko kikaanzia mbele, kikaenda nyuma, kikarudi. Hakikuwa kicheko kibaya, na hilo ndilo lililomtisha. Angezomewa angejua la kufanya.

"Malizia mwenyewe basi," Döme alisema. "Wewe si ndiye chama hapa?"

Vendel akafungua kinywa. Chama kimejenga. Chama kimeamua. Chama kimeona. Yote yalimjia, maneno aliyoyatumia miaka minane, na kila lililofika ulimini lilikuwa halina ladha. Akawatazama wale watu. Baba zao na baba yake walivunja mgongo katika shamba moja la bwana mkubwa. Katika safu ya kwanza alisimama Csete Borbála, mwanamke wa kuosha viazi, na aproni yake ya mpira, mikono imefumbatwa.

"Kimekosea," Vendel alisema.

Hakuwa amepanga kulisema. Lilipokwisha kutoka, yaliyobaki yalilifuata kama ng'ombe wanavyomfuata wa kwanza.

"Nami nimekosea. Mwaka hamsini na moja boila ilipasuka, mnakumbuka. Nilitia sahihi karatasi inayosema Csete Ambrus aliipasua kwa makusudi. Boila ile ilikuwa mbovu. Nilikuwa nimeandika barua tatu kuomba vipuri. Nilijua, na nikatia sahihi."

Uwanja ukawa kimya kama kanisa la Jumatatu. Ambrus alikuwa amefia katika kambi ya wafungwa mwaka 1953, na Borbála ndiye mjane wake. Vendel aliteremsha mikono, akangoja jiwe la kwanza. Aliona ni haki, na kwa namna fulani angepumzika.

Borbála alifungua mikono. Akageukia mezani, ambako Döme na wenzake walikuwa wakiandika majina ya wajumbe wa baraza jipya la kuendesha mji.

"Mwandikeni na huyu," alisema.

"Huyu?" Döme hakuwa na utani safari hii. "Awe nani?"

"Awe mwenyekiti. Nyinyi mtaanza kugombania."

Watu walitazamana. Mmoja akanyanyua mkono, kisha wawili, kisha msitu mzima. Na Vendel, kwa sababu katika miaka minane hakuwahi kuona kura ambayo mikono yote haikupanda, akajikuta naye ameunyosha wake.

Saa tisa alirudi nyumbani. Kabichi ilikuwa imepoa.

"Umewatawanya?" Piroska aliuliza.

"La. Wamenichagua."

"Kuwa nani?"

"Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi."

Piroska alikaa. "Mapinduzi dhidi ya nani?"

Vendel alikuwa bado na kofia kichwani. "Nadhani dhidi yangu."

Mkewe akamtazama, akainuka kuwasha jiko. "Kula kwanza," alisema.

Siku tisa zilizofuata alifanya kazi kama hajawahi. Baraza lilitafuta ofisi, likakuta ofisi nzuri ni ile ya chama, kwa hiyo Vendel akaketi kwenye kiti kilekile, mbele ya simu ileile iliyokufa. Alibadilisha sukari kwa unga na vijiji vya ng'ambo ya mto. Alipeleka makaa hospitalini. Aliwazuia watu wasiivunje stoo ya kiwanda, akaandaa zamu ya ulinzi, akahakikisha maziwa ya watoto yanafika. Watu waliingia wakisema, "Ndugu Katibu," wakajisahihisha, "samahani, Bwana Mwenyekiti," na kila aliposikia "bwana" mabega yalimpanda. Bwana wa mwisho aliyemjua alikuwa msimamizi wa shamba aliyemchapa baba yake hatamu usoni.

Jioni alisikiliza redio. Waziri mkuu mpya alisema wanajeshi wa Urusi wanaondoka. Vendel alifurahi, na furaha yenyewe ikamtia wasiwasi, maana Warusi haohao ndio waliomfungulia mlango wa gereza mwaka 1944, akambusu askari mmoja asiyemjua mashavu yote mawili. Alijaribu kuyaweka mambo hayo mawili pamoja kichwani. Hayakukaa.

Siku ya tatu kundi la watu lilimkamata Zsoldos, luteni wa polisi wa siri, aliyekuwa amejificha kwenye tanuri la matofali. Walimleta na kamba tayari shingoni. Vendel alitoka akiwa na kijiko mkononi, kwa sababu alikuwa akinywa supu.

"Mkimtundika, mtamtundika mara moja," alisema. "Mtu aliyekufa hajibu maswali. Mimi nataka ajibu kwa kila jina la aliowakamata."

Ilikuwa hoja ya papo hapo, na yeye mwenyewe hakujua kama aliiamini. Ilitosha. Akamfungia Zsoldos katika seli ya kituo cha polisi, akatia ufunguo mfukoni, na kila mchana akampelekea mkate na kipande cha mafuta ya nguruwe.

"Ndugu Katibu," Zsoldos alimuuliza siku ya pili, akitafuna, "kwani wewe unamfanyia kazi nani?"

"Kula."

"Nauliza ili nijue la kusema baadaye."

"Hata mimi ningependa kujua," Vendel alisema, akafunga mlango.

Wanawake wa kiwandani walikuwa wakipika maharage kwa ajili ya walinzi, na Borbála alikuwa mmojawao. Siku ya sita Vendel alimkuta peke yake uani, anasugua sufuria. Alikuwa amelizuia swali lake tangu Ijumaa.

"Mama Csete. Kwa nini ulinitaja mimi?"

Borbála hakuacha kusugua. "Unataka nikwambie nimekusamehe."

"Sijasema hivyo."

"Vizuri, maana sijakusamehe." Akamwaga maji machafu. "Miaka mitano niliisubiri ile sentensi, Hajagos. Nilikuwa nimepanga nitakalofanya siku nitakapoisikia. Nilikuwa nimepanga mengi, mengine ya aibu. Nilipoisikia, yote yalinitoka. Nikaona tu umesimama pale juu na mikono inaning'inia, na wale vijana wameanza kutazama mawe. Nikasema lililonijia."

"Kwa hiyo hujui."

"Wewe unajua kwa nini uliisema?"

"La."

"Basi usiniulize mimi. Nishikie upande huu, sufuria nzito."

Wakaibeba pamoja mpaka jikoni, wala hawakulizungumza tena.

Jumapili, tarehe nne Novemba, kulipopambazuka, mizinga ilisikika kutoka upande wa mji wa Szolnok. Saa tatu asubuhi vifaru vya Warusi vilipita barabara kuu, vimefungwa vifuniko, havikusimama. Vijana waliingia ofisini kutaka bunduki za kuwindia ambazo baraza lilikuwa limezifungia kabatini. Vendel alisimama mbele ya kabati.

"Sogea, Bwana Mwenyekiti."

"Mtapiga kifaru kwa bunduki ya sungura?"

"Tutakufa kama wanaume."

"Mtakufa kama sungura. Nendeni nyumbani."

Walimwita msaliti. Mmoja akatema mate karibu na kiatu chake. Lakini waliondoka, na katika Tiszakövesd hakufa mtu siku ile.

Döme alikuja mchana na mkoba mgongoni. Alikuwa anaelekea kusini, mpaka wa Yugoslavia.

"Twende, Vendel. Watakuja kukuchukua."

"Nikifika huko wataniuliza mimi ni nani."

"Sema mkimbizi."

"Na kabla ya hapo?"

Döme akajikuna shingo. "Kweli, hapo pana kazi," alisema. Akamkumbatia, akaenda. Baada ya mwaka ilisikika kwamba yuko nchi ya mbali, anatengeneza trekta.

Hawakuja kumchukua mara moja. Mwishoni mwa Novemba alikuja Szepesi, kwa gari la mkoa, amevaa koti jipya. Alikuwa amekonda. Akamtaka Piroska awaache peke yao, akawasha sigara, akaweka karatasi mezani.

"Vendel, mimi nimekuja kukuokoa. Utatia sahihi hapa kwamba chama kilikuagiza uingie katika lile baraza ili ulishike kutoka ndani."

"Hakikuniagiza."

"Ni nani aliyekupigia simu asubuhi ile?"

"Wewe. Lakini simu ilikatika."

"Ndiyo. Na nani anajua nilichosema baada ya hapo?" Szepesi alitabasamu kwa uchovu. "Tazama mwenyewe. Kiwanda hakikuporwa. Bunduki hazikutoka kabatini. Zsoldos yu hai. Hiyo ni kazi ya mwanachama mwaminifu. Ningekuwa hakimu ningeamini."

"Na nilichosema uwanjani?"

"Mbinu ya kuwatuliza. Tena ilifanya kazi." Akasukuma karatasi. "Hapa chini utaandika jina la aliyekupendekeza. Lazima tupate mchochezi mmoja wa hapa mjini. Mtu mmoja, basi. Nakupa siku mbili."

Siku mbili zile Vendel hakutoka nje. Aliisoma karatasi ile mpaka akaikariri. Lililomsumbua si kwamba ilikuwa uongo. Lililomsumbua ni kwamba huenda ilikuwa kweli. Yote aliyoyataja Szepesi aliyafanya. Je, kama kweli moyoni alikuwa askari wa chama siku zote tisa, bila kujijua? Kisha alikumbuka lile neno "kimekosea" lilivyotoka, na watu walivyonyamaza, na akajua hakuna ofisi yoyote duniani iliyomtuma alitamke. Kisha akarudi mwanzo.

"Ni kweli?" Piroska alimuuliza alipoisoma.

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Hapo ndipo pananishinda."

Piroska alikunja karatasi. "Ile ya Ambrus nayo ilikuwa nusu," alisema. "Boila ilipasuka kweli. Na zamu ilikuwa yake kweli. Uliniambia hivyo usiku ukikosa usingizi, ukidhani mimi nimelala."

Vendel alimtazama mkewe. Walikuwa wameoana miaka ishirini na mbili.

Szepesi aliporudi, karatasi haikuwa na sahihi, ila mstari mmoja mahali pa jina: Nilijipendekeza mwenyewe.

"Watu mia sita waliona ni nani aliyekupendekeza," Szepesi alisema.

"Basi waulize."

"Nimewauliza. Ghafla mji mzima hauna kumbukumbu." Alizima sigara. "Unajua umekuwa nini, Vendel? Popo. Ndege wanasema ni mnyama, wanyama wanasema ni ndege. Wale wa barabarani hawatakuchukua, na sisi hatutakuchukua."

"Inawezekana," Vendel alisema.

Alikamatwa Januari. Kesi ilisikilizwa Aprili, kwenye mji mkuu wa mkoa, katika chumba chenye baridi ambamo mawakili walivaa makoti.

"Mshtakiwa," mwendesha mashtaka aliuliza, "ulipoingia uwanjani tarehe ishirini na sita Oktoba, ulikuwa mkomunisti?"

"Nilikuwa."

"Na ulipotoka?"

"Nilikuwa."

"Sasa ulikuwa unapindua nini?"

"Hilo hata mimi nimelifikiria sana," Vendel alisema. Alikuwa anasema kweli, lakini watu wa nyuma walicheka, na hakimu akagonga meza akadhani anadhihakiwa.

Zsoldos aliletwa kutoa ushahidi, amevaa sare mpya. Alisema mshtakiwa alimfungia katika seli siku sita bila hati yoyote, na ufunguo alikaa nao mwenyewe mfukoni. Kila neno lilikuwa kweli. Vendel alijikuta anaitikia kwa kichwa.

"Kuna zaidi?" hakimu alimuuliza Zsoldos.

Luteni alitazama viatu vyake. Kinywa kilifunguka kidogo. "Hapana," alisema.

Vendel alihukumiwa miaka minane. Gerezani aliwekwa chumba kimoja na watu watatu, mmoja wao aliyekuwa askari wa serikali ya zamani, wa kikosi kilekile kilichomtoa sikio. Mzee huyo alimwita Vendel mbwa mwekundu, yaani mkomunisti, na walinzi walimwita fashisti. Ikatokea asubuhi moja mlinzi akaita "wewe fashisti, simama," na wakasimama wote wawili kwa pamoja, Vendel na yule mzee, wakatazamana. Hawakuwa marafiki baada ya hapo, lakini walianza kugawana tumbaku.

Aliachiwa mwaka 1963 kwa msamaha, nywele zimekwisha. Piroska alikuwa amefukuzwa kwenye nyumba ya chama. Aliishi chumba kimoja nyuma ya kituo cha reli, akifua nguo za watu. Vendel alipata kazi ya koleo kwenye uwanja wa viazi. Watu hawakujua wamwiteje. Ndugu hakuwa tena, bwana hakutaka, na wengi waliamua kumsalimu bila jina, "habari ya asubuhi," kisha wakanyamaza mahali ambapo jina lingekaa.

Mwaka uliofuata alikuja katibu mpya wa chama kiwandani, kijana mstaarabu mwenye miwani, akamkuta anakula mkate wake juu ya lundo.

"Mzee Hajagos, kwa watu wa historia yako, siku hizi mlango haujafungwa kabisa. Unaweza kuandika barua ya kuomba kurudishiwa uanachama."

"Asante. Nitafikiri."

"Nikuulize tena lini?"

"Nikiwa tayari nitakuja mwenyewe."

Hakuwa anamkwepa. Alifikiri kweli. Piroska alimwona Jumapili akikaa na kalamu, akiandika "Mimi niliyetia sahihi hapa chini," na kusimama hapo. Alifikiri miaka kumi. Aliugua mapafu Februari mwaka 1974, na kabla Machi haijaisha alikuwa amefariki.

Kwenye mazishi palikuwa na watu kama arobaini, wengi kuliko Piroska alivyotarajia. Chama hakikutuma mtu wa kuhutubia, kwa kuwa hakuwa mwanachama. Mchungaji naye Piroska hakumwita, kwa kuwa marehemu hakuwa ameingia kanisani tangu ubarikio wake wa utotoni. Wachimba kaburi waliteremsha jeneza, wakarudi nyuma, wakashika kofia. Hakuna aliyejua nani aanze. Borbála alisimama karibu na Piroska, mzee sasa, anaegemea mwavuli.

"Useme neno," Piroska alimnong'oneza.

"Mimi? Mkewe ni wewe."

"Mimi nilikuwa namwambia nyumbani."

Borbála alisogea ukingoni. Akatazama chini kwa muda, midomo ikicheza, mpaka watu wakainua vichwa kusikiliza. Kisha akatikisa kichwa, akarudi alipokuwa. Mchimba kaburi mmoja akamtazama mwenzake kuuliza kama waendelee. Mvua ilianza kudondoka. Piroska akaokota udongo, akatupa, wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mtu akimtazama aliyemtangulia ili ajue atupe mara ngapi. Kisha wakaenda wote kwenye kile chumba nyuma ya reli, wakabanana, wakanywa supu.